Kijana wangu hasikii pancha. Ni iafoni au nini?

FundiSpoku (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Tanga, kibanda kiko Ngamiani. Barabara ya ngapi sisemi, maana wateja wangu wengine wamo humu na kuna kazi zao sijamaliza. Nina kijana wa Kidato cha Tatu, Jumamosi na siku za likizo hunisaidia.

Kwenye kazi yetu pancha ndogo inatafutwa kwa njia mbili: beseni la maji au sikio. Tyubu ukishaijaza upepo unaipitisha polepole karibu na sikio, mimi hutumia la kulia kwa mazoea, na palipotoboka panajisema penyewe: sss. Unaweka alama, unapiga msasa, unapaka solusheni, unabandika kiraka. Beseni ni la pancha sugu tu. Fundi anayekimbilia beseni kila saa, wenzake humcheka.

Sasa wiki iliyopita nimempa kijana tyubu. Kaizungusha yote sikioni, kasema, "Hamna, baba, hii nzima." Nikaichukua, haijafika hata shavuni nimeshaisikia. Nikamrudishia, nikamwonyesha penyewe kabisa. Sikio la kushoto: hamna. Akahamishia la kulia, akafinya uso kama mtu anayesoma maandishi madogo, akasema, "Kama ipo kwa mbali."

Hapo ndipo mambo ya mwaka mzima yakaanza kunirudia. Ukimwita yuko uani haitiki. Mama yake akimwambia "pika" anauliza "nishike nini?" Mezani kila neno "eh?" Mimi nilijua ni kiburi cha umri. Nimemsema sana, na sitaficha, konzi moja mbili zimepita. Siku ile kibandani nilishindwa kumtazama.

Iafoni anazo. Nilimnunulia mwenyewe kwa wamachinga, za elfu tano. Akitoka shule zimo masikioni, akila zimo, na analala nazo. Mimi nikisimama mlangoni mwa chumba chake nasikia singeli inavyokwenda.

Naomba kujua: ni hizi iafoni? Na mtu anaanzia wapi?

Nahodha wa Zamani

Fundi, pole. Lakini tusiwape watoto visingizio. Sisi tumekulia maredio ya kaseti, spika mbili kama makabati, harusi ya Mabawa unaisikia uko Chumbageni. Nani kawa kiziwi? Kijana ana umri wa kiburi, muda ukifika utaisha.

BintiSahare

Shikamoo Nahodha. Hilo la "nani kawa kiziwi" tutalirudia, maana watu wazima wanaoniambia hivyo huwa wananiambia kwa kupiga kelele.

Kaka Fundi, nimekaa kliniki ya masikio miaka kadhaa, basi nitasema ninayoyajua. Kwanza, usizihukumu iafoni kabla hajatazamwa. Kelele za iafoni huumiza masikio yote mawili, kwa kawaida karibu sawasawa. Sikio moja likizidi jingine kwa mbali hivyo, kuna jambo la pili: nta imeziba, au usaha, au maji nyuma ya ngoma ya sikio, au ngoma imetoboka tangu utotoni bila mtu kujua. Kwa hiyo mpeleke. Mtu wa Tanga anaweza kuanzia kituo cha afya cha jirani wamchungulie na kile kitochi, na hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo. Muulizie daktari wa masikio, pua na koo, na useme wazi kwamba unataka apimwe usikivu, siyo kuchunguliwa tu.

Msimtilie mafuta ya nazi ya moto, wala maji ya kitunguu. Ngoma kama ina tundu, hayo yote yanaingia ndani. Na unyoya wa kuku, kofia ya biki na vijiti vya pamba viacheni. Vinasukuma nta ndani zaidi, na hizo iafoni za kuziba zinafanya kazi hiyohiyo.

Sasa hilo la "pika" na "nishike". Hiyo habari imenigusa, maana ndivyo inavyoanza. Sikio la ndani lina seli zenye vinyweleo, kama elfu kumi na tano kwa kila sikio. Zimepangwa kwa zamu: za sauti nyembamba ziko mlangoni, za sauti nene ziko ndani kabisa. Fikiria mikoko ya huku kwetu Sahare. Ile iliyo mbele inapigwa na kila wimbi, hata wimbi linalokwenda mbali. Basi seli za upande wa mlangoni ndizo hufa kwanza. Tofauti ni kwamba mkoko ukifa unapanda mwingine, lakini seli hizi binadamu hupewa mara moja tu, hazioti tena.

Na hizo sauti nyembamba ni zipi? S, f, sh, t, k. Irabu ni nene na zina nguvu, zinabaki. Kwa hiyo mtoto anakusikia vizuri kwamba unaongea, ila "shika", "fika", "pika" na "sita" zote kwake ni i-a, i-a, anabahatisha kwa kukutazama mdomo. Ukimwita yuko uani mdomo hauoni, anakosa. Mzazi anaona anasikia akitaka na hasikii asipotaka. Ile sss ya tyubu yako ni sauti nyembamba tupu, haina irabu ya kuisaidia.

Dogo Makorora

Mimi nina miaka 17 na nimesoma yote. Swali: sasa tusikilize wapi? Nyumbani kuna jirani ana spika, barabarani bajaji, kwenye daladala konda. Iafoni ndiyo sehemu pekee unayopata yako. Mkisema tuziache ni sawa na kutuambia tuhame mji.

BintiSahare

Mdogo wangu, sijasema uziache. Sikiliza hesabu, maana hii ni hesabu kama ya kuuza maji.

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walitoa kiwango mwaka 2019: mtu mzima desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Kwa wiki, siyo kwa siku. Watoto wamewekewa 75 kwa saa hizohizo. Sasa kila ukiongeza desibeli 3, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili, kwa hiyo muda wako unakatwa nusu. 83 una saa 20. 86 saa 10. 89 saa 5. 92 saa mbili na nusu. 95 saa moja na robo. 98 haifiki dakika 40, na 101 kama dakika 19, umemaliza wiki nzima. Simu nyingi ukipandisha mpaka mwisho zinaweza kupita 100. Mtu akilala nazo kwa muda wa saa saba kwa sauti hiyo, kafanya mahesabu yake mwenyewe.

Na wewe umesema sababu bila kujua: unapandisha ili uishinde bajaji. Iafoni nyingi za bei ndogo zinakaa nje ya tundu, kelele zote zinaingia, basi mtu anaongeza sauti juu ya kelele. Ukipata za kuziba vizuri, au zile hedifoni za kupunguza kelele za nje, unaridhika ukiwa chini zaidi. Simu nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Weka ukiwa chumbani kimya, si ukiwa kwenye daladala. Na lile onyo linalotokea ukipandisha, usilibonyeze kama unafukuza nzi.

Dogo Makorora

Hilo la nzi umenipata. 😂

Mama Mbili

Samahani BintiSahare, mwenzangu, wangu ni tofauti kidogo. Binti yangu yuko Kidato cha Nne, hasikilizi miziki ya ovyo. Ni mawaidha, kaswida, na masomo anayopakua. Anasoma nazo mpaka saa sita usiku. Nilikuwa nafurahi hata kuwasimulia wenzangu. Huyo naye?

BintiSahare

Dada, Mwenyezi Mungu amzidishie. Lakini sikio halijui kaswida na singeli, linajua nguvu na muda. Mawaidha kidogo yana nafuu, kwa sababu mtu anayeongea ananyamaza kupumua, na sikio nalo linapata pumzi. Singeli haipumui. Fanya hivi: mkae umbali wa mkono mmoja, wewe sema naye kwa sauti ya kawaida akiwa nazo masikioni. Asipokusikia, ziko juu. Baada ya saa moja avue, atembee, anywe maji.

Muulize na jambo jingine, kwa upole, siyo kwa kumhoji: akivua usiku, kuna mlio? Kama mbu, kama kengele, kama redio isiyoshika stesheni? Masikio yakiwa mazito na kulia baada ya kelele, kisha asubuhi yako sawa, watu husema yamepona. Yamechoka. Ukiyachosha kila siku kuna siku hayarudi.

Mjukuu wa Korona

Nahodha aliuliza nani kawa kiziwi. Babu yangu. Alifanya kazi kwenye korona, mashine ya kusindika mkonge, zaidi ya miaka ishirini. Waliokaa mashamba ya mkonge wanajua ule mngurumo, jani linaingia zima linatoka singa, na mashine haina "punguza". Wakati wake hakuna aliyempa kitu cha kuziba masikio. Wazee wenzake wote wa korona walikuwa hivyohivyo, barazani wanapiga kelele kama wanagombana kumbe wanaulizana hali. Sisi watoto tulidhani ni wakali. Bibi akimwita haitiki, tukimwita sisi wajukuu kwa sauti nyembamba ndiyo kabisa. Mpaka amefariki nina hakika hajawahi kulisikia jina langu vizuri, linaanza na S.

Yeye alilipwa mshahara. Vijana wetu wananunua bando.

Nahodha wa Zamani

Mjukuu, hapo umenifunga. Marhaba BintiSahare, nilikuwa sijakuitikia. Nami nakiri televisheni yangu wajukuu hulalamika.

Kijiwe cha Raskazone

Mimi niulize la pembeni. Kwinini? Zamani ukinywa kwinini masikio yanalia siku mbili.

BintiSahare

Ni kweli, kwinini hufanya hivyo, na aspirini ikizidi pia, kwa wengi hupita dawa ikiisha. Kuna sindano za dawa jamii ya jentamaisini ambazo zikikosewa kipimo madhara yake hayarudi nyuma. Ndiyo maana ukienda kupima mwambie daktari dawa zote, hata za zamani.

Baiskeli Tatu

Nyie mnaongelea uziwi wa baadaye, mimi naongelea wa leo. Barabara ya Pangani, kijana kwenye baiskeli, masikio yote yamezibwa, nyuma kuna lori linapiga honi na yeye anatikisa kichwa kwa mdundo. Nilimshika mkono nikamvuta. Akanitukana kwanza, halafu akaliona lori. Na nyie bodaboda mnaoweka moja chini ya helmeti, tunawaona.

Bwana Vigodoro

Kwani iafoni tu? Vigodoro je? Spika nne, usiku kucha, watoto wamekaa mbele yake kama wanaota moto.

BintiSahare

Upo sahihi, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha kumbi na matamasha nacho, wastani usizidi desibeli 100. Kigodoro hakina wa kukipima, basi tumia miguu. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali wako na spika mara mbili, unapunguza kama desibeli 6. Toka mita mbili nenda nane, umepunguza 12, na ngoma bado unaisikia. Watoto wasikae mbele ya spika, hilo halina mjadala.

FundiSpoku

MREJESHO, wakuu. Ni wiki ya tano tangu nianzishe uzi, samahani kwa ukimya, kazi.

Tulikwenda. Daktari kachungulia sikio la kushoto, kaniita na mimi nichungulie. Nta, nyeusi, imekaza kama solusheni iliyokaukia kwenye kopo. Kaandika matone ya kulainisha, siku tano, halafu tukarudi wakalisafisha kwa maji ya uvuguvugu. Kilichotoka sitakieleza, wengine mnakula. Kijana kainuka kwenye kiti, kitu cha kwanza alichosema ni "Feni inapiga kelele." Ilikuwa inapiga kelele siku zote.

Mimi nikajua tumemaliza, nikataka kulipa tuondoke. Nikakumbuka maneno ya BintiSahare, nikasema naomba kipimo cha usikivu. Kaingizwa chumba kidogo kimya, kavishwa hedifoni, kapewa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Mimi nimekaa nje naangalia kupitia kioo. Jamani, ile kazi ya kumtazama mwanao anasubiri sauti msiiombe. Uso wake umetulia, kidole juu ya kitufe, na mama anayepima anazungusha kitu, anaandika, anazungusha, kidole hakiendi.

Wakatuonyesha karatasi. Masikio yote mawili mstari umekwenda vizuri upande wa sauti nene, ukifika kwenye alama ya 4000, upande wa sauti nyembamba, unashuka shimoni, halafu unapanda kidogo. Shimo la kulia na la kushoto karibu sawa. Daktari akasema hilo ndilo la kelele, hukaa palepale. Siyo kubwa, kwenye darasa tulivu hatapata shida, kwenye fujo atapata. Dawa ya kulijaza hakuna. Kazi ni lisichimbike zaidi.

Kwa hiyo jibu la uzi: nta ilikuwa nusu, iafoni nusu. Na nta yenyewe iafoni zilichangia kuishindilia, pamoja na vijiti vya pamba ambavyo mimi ndiye niliyekuwa namnunulia.

Lakini lililonivunja ni jingine. Daktari kamuuliza, "Usiku ukivua unasikia nini?" Kijana akatazama chini. Akasema mlio, kama mbu wawili, tangu mwaka jana, kila usiku. Akaulizwa mbona hukusema. Akasema alijua kila mtu anao. Akaulizwa ndiyo maana unalala na iafoni? Akatikisa kichwa, ndiyo. Anaziweka ili asiusikie ule mlio.

Wakuu, nilikuwa nampokonya. Usiku naingia, navuta waya, nazima simu, namwacha gizani na mbu wake wawili. Asubuhi nikimwona macho mekundu nasema si unaona, kumbe umekesha na simu.

Daktari kashauri chumba kisiwe kimya kabisa: feni, au redio chini kabisa mbali na kitanda, siyo kitu ndani ya sikio. Tumeweka feni. Anasema mbu bado wapo ila hawagombani naye sana. Kwenye simu tumeweka kikomo pamoja, namba ya siri anayo yeye, sikutaka niwe askari tena.

Dogo Makorora

Fundi... mimi nami nina mlio. Nilikuwa sijui kwamba ni tatizo.

BintiSahare

Dogo, nenda wiki hii. Mwambie mzazi, na kama kuliongea ni kugumu, mwonyeshe uzi huu. Fundi, umefanya vizuri kung'ang'ania kipimo. Wengi wakishatolewa nta wanaondoka.

Mama Mbili

Wangu nilimuuliza. Hana mlio, alhamdulillahi. Ila nimegundua iafoni moja ilikufa siku nyingi, anasikilizia sikio moja na amepandisha sauti ya masikio mawili. Nimemnunulia nyingine.

Kijiwe cha Raskazone

Fundi, nami niulize tena la pembeni. Wewe mwenyewe siku nzima unagonga rimu kwa nyundo, kompresa pembeni, na redio ya kibandani kwako mpira wa Coastal tunausikia sokoni. Umepima?

FundiSpoku

Kijiwe, nilitegemea hutauliza.

Jana jioni tunafunga, kijana kachukua tyubu yenye pancha, kasema, "Baba, geuka." Sikio la kulia nimesikia mara moja. Kasema, "Sasa la kushoto, lile hulitumii." Nimesubiri. Nikasema bado hujaileta. Kasema, "Ipo hapa tangu zamani, baba." Kacheka mpaka kakaa juu ya beseni, maji yote chini.

Jumatatu kibanda kitachelewa kufunguliwa. Wenye baiskeli zao, samahani.